Ndiyo ya Mwenye Malori

Profesa alikuja madrasani kwangu Biryogo, mtaa wa Waislamu hapa Kigali, baada ya swala ya alasiri, akavua viatu mlangoni ingawa watoto walikwisha kwenda na mikeka ilikwisha kukunjwa. Nilimwambia asisumbuke, sakafu ni saruji tupu. Akasema mama yake alimfundisha kwamba mahali watoto wanapofundishwa jina la Mungu ni mahali pa kuvua viatu, hata kama wewe ni Mkatoliki na wao si Wakatoliki. Nilimpenda hapo hapo na sijaacha kumpenda. Lakini kazi aliyonipa siku ile sijaielewa mpaka leo. Nikiifikiria nakuwa kama mtu aliyeamka gizani katika nyumba ya watu, anapapasa ukuta akitafuta mlango.

Vita vilikuwa vimeanza kaskazini. Barabara ya Uganda ilifungwa, na karibu kila kitu tulichonunua dukani kilitoka Dar es Salaam kikaingilia mpakani Rusumo. Mjini watu walikuwa wamejifunza kuzungumza kwa sauti ya chini. Katikati ya hayo yote profesa alitaka tuzungumze juu ya masomo.

"Mwalimu," alisema, "vijana wetu wanamaliza shahada ya kwanza, wanarudi nyumbani, wanakaa. Wakubwa wanatuuliza: mnawasomesha kwa ajili ya nani? Sasa tunataka kufungua shahada ya uzamili hapa Kigali, ya biashara na usafirishaji. Safari hii hatuanzi na vitabu. Tunaanza kwa kuwauliza wenye kazi wanahitaji nini, ndipo tupange masomo."

"Ni jambo jema. Na mimi wa madrasa naingilia wapi?"

"Wenye malori na wenye maghala wengi ni watu wako. Nikiwauliza kwa Kifaransa wananijibu kama wanamwandikia barua mkuu wa mkoa. Nataka wajibu kama wanavyosema na madereva wao."

Nikasema bismillahi, nikakubali. Sikuwa na haja ya kufikiri sana, kwa sababu nyumbani kwangu alikuwamo mmoja wa hao vijana waliorudi wakakaa. Alikuwa binti wa dada yangu marehemu. Nilimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alisoma uchumi, akafaulu vizuri, akarudi na cheti chake, na tangu hapo alikuwa akichambua maharage na mke wangu na kupeleka maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa. Nilipomweleza habari ya masomo mapya aliweka chini ungo. Sikumbuki lini nilimwona tena na uso ule.

"Mjomba," akaniambia, "hiyo nafasi naitaka. Lakini usinisemee. Wewe nionyeshe tu mlango ulipo, nitaingia mwenyewe."

Nikamwahidi.

Mimi na profesa tulishuka Gikondo, kwenye maghala. Tulianza kwa mwenye malori mmoja niliyemfahamu tangu ujana, kwa kuwa tuliswali msikiti mmoja na baba yake alikuwa mtu wa Ujiji kama babu yangu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye ofisi ndogo iliyonuka dizeli na mfagio wa majani. Alituletea Fanta, akafuta viti kwa mkono wake mwenyewe. Profesa akauliza, nami nikafasiri.

Je, anahitaji mtu anayejua takwimu? Ndiyo, anahitaji. Kompyuta? Ndiyo, sana. Ofisini mle mlikuwa na taipureta moja, nayo imefunikwa kitambaa cha kufuma. Lugha ya Kiingereza? Ndiyo. Sheria za bahari?

"Iyo ndiyo tunahitaji kabisa, Profesa. Kabisa."

Kwa mwenye ghala la kahawa, Fanta ile ile na majibu yale yale. Kwa mwenye kiwanda cha sabuni pia. Tulipokuwa tunapanda kurudi mjini profesa alitembea kama bwana harusi. Alisema hakutegemea kwamba wafanyabiashara wetu wameona mbali kiasi kile. Kwetu mgeni hapewi "hapana". Akikusifia kitu na kukuuliza kama unakitaka, unasema ndiyo, na "ndiyo" hiyo ni sehemu ya soda unayomfungulia. Hakuna aliyedanganya. Hata mimi ningejibu vile. Lakini sasa mtu alikuwa anakwenda kujenga shahada nzima juu ya soda.

Siku chache baadaye nilirudi kwa mwenye malori peke yangu.

"Mwarimu! Iko kitu profesa amesahau?"

"Nimesahau mimi. Zile sheria za bahari utazifanyia nini hapa Gikondo?"

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Nitaogea nazo!"

"Mbona ulisema ndiyo?"

"Weye! Mutu mukubwa anakuja na tai yake, anakunywa Fanta yangu, ananiuliza kama natamani elimu yake. Nimuambie hapana? Unataka baba yangu afufuke anichape?"

Akachukua chupa ya chai iliyokuwa mezani, ile aliyotengenezewa na mkewe, akanimiminia katika kikombe chake mwenyewe. Nikamwambia, basi mimi si mgeni, niambie kweli unahitaji nini. Kicheko kikamtoka usoni pole pole.

"Nahitaji mutu. Mutu mwenye naweza kumuachia funguo nikaenda Dar. Na nikirudi nikute tabu, najua nimuendee nani."

"Si utamwendea yeye mwenyewe?"

"Yeye atakuwa ashakimbia, Mwarimu. Namuendea mwenye alimuleta."

Nilielewa, kwa sababu ndivyo tulivyoishi. Kazi haikuombwa kwa karatasi. Kijana aliletwa. Mzee wake alimshika mkono, akaketi naye mbele ya mwenye kazi na watu wengine wawili watatu, akasema: huyu ni wangu, akikosea niulizeni mimi. Kwa Kinyarwanda mtu wa namna hiyo huitwa umwishingizi, mdhamini. Akishasema neno hilo, jina lake limo rehani. Mwenye kahawa, nilipomrudia, alisema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Mwenye sabuni alisema, "Nipe yule ninayemjua kwao."

Nikayapeleka majibu hayo kwa profesa na wenzake. Walikuwa wanakutana katika ukumbi mdogo Remera, karibu na uwanja wa mpira, na dirisha likiwa wazi tulisikia filimbi za wachezaji wakifanya mazoezi. Nilipomaliza kueleza, wakatazamana. Mwalimu mmoja mwanamke, aliyekuwa amesoma Ubelgiji na ambaye ndiye aliyepanga ratiba, akashika kalamu yake akauliza kwa dhati:

"Sawa. Uaminifu tuupe saa ngapi? Nyingi kuliko uhasibu, au chache?"

Hakuna aliyecheka. Mwingine alisema ufundishwe mwanzoni, mwingine akasema mwishoni, karibu na mtihani. Mwingine akauliza mtihani wake utakuwaje. Kisha wote wakanigeukia mimi, wakasema mwalimu wa somo hilo wamekwisha kumpata, amekaa pale na kofia yake.

Nilirudi nyumbani nimevurugika. Somo la amana nalifundisha kila mwaka, nalijua. Lakini mwenye malori hakuniomba mtu aliyefundishwa uaminifu. Aliniomba mtu mwenye watu nyuma yake, na watu nyuma ya mtu hawafundishwi darasani. Nilimweleza profesa hivyo, na yeye, kwa kuwa alikuwa msikivu, akaenda kulifikiria. Wakaamua hivi: somo la maadili litakuwapo. Zaidi ya hilo, kila anayeomba nafasi aje na mwenye kazi atakayempokea kwa mafunzo siku kadhaa za juma, na mwenye kazi huyo afike mbele ya jopo aseme kwa kinywa chake kwamba amemkubali. Shahada itaanza na neno la watu, kama kazi zetu zote zinavyoanza. Profesa alifurahi. Alisema sasa chuo kimeshuka mlimani.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mwenye cheti ambaye hana wa kumleta?"

"Wewe unaye mimi," nikasema.

"Ninaye wewe, alhamdulillahi. Lakini mimi nilidhani nikisoma, masomo ndiyo yatakayonileta."

Hapo niseme jambo ambalo kila mtu wa Kigali wa siku zile alilijua bila kuambiwa. Kitambulisho cha kila mtu kiliandikwa kabila lake, na mtoto alifuata la baba. Changu kilisema Mhutu. Baba yake mpwa wangu alikuwa Mtutsi, kwa hiyo cha kwake kilisema hivyo. Nyumbani tulikula sahani moja. Barabarani tulikuwa watu wawili.

Nikavaa kanzu safi, nikampeleka kwa mwenye malori. Mpwa wangu aliniruhusu nimsemee mara hiyo moja tu, kwa sababu ndiyo desturi. Tuliketi, mhasibu wake na jirani yake wakaitwa wawe mashahidi, nami nikasema: huyu ni wangu, akikosea niulizeni mimi. Mwenye malori akatikisa kichwa kwa heshima kubwa.

"Ndiyo, Mwarimu. Mwanao ni mwanangu. Waambie maprofesa nimemukubali."

Akapiga makofi, Fanta zikaletwa.

Tulitembea mpaka tulipofika kwenye mteremko. Ndipo mpwa wangu, niliyekuwa nimemsimulia habari ya Fanta na ya chai, akasema, "Mjomba, chupa ya chai ilikuwa mezani."

"Niliiona."

"Imejaa?"

"Sikuishika mkononi, mwanangu."

Nilitaka kuamini. Mimi ndiye niliyewaambia wasomi kwamba kuna "ndiyo" ya mgeni na "ndiyo" ya nyumbani, na sasa nimepewa moja sijui ni ipi. Niligeuka lini nikawa mgeni kwa mtu niliyeswali naye bega kwa bega tangu ndevu hazijaniota? Majuma yakapita. Ijumaa alinikumbatia msikitini, akasema karibu, karibu sana, utakuja lini. Kuhusu siku ya kufika mbele ya jopo hakusema neno, na mimi niliona haya kumkumbusha, maana kumkumbusha mtu neno lake ni kumwambia amelisahau. Mke wangu alisema mtu akikukaribisha mara nyingi namna ile, ujue mlango umefungwa. Nilimwomba Mungu subira. Subira alinipa, lakini ufahamu alibaki nao.

Siku ya jopo ilipokaribia mpwa wangu akaniomba ruhusa aende Gikondo mwenyewe. Nikamsindikiza, nikakaa nje juu ya tairi kuukuu chini ya dirisha la ofisi. Nilisikia kila kitu.

"Baba, shikamoo. Sikuja kuuliza kama umenikubali."

"Ah, karibu, karibu. Wataleta Fanta…"

"Sina kiu. Nauliza jambo moja tu. Hapa kwako kuna kazi gani ambayo huwezi kunipa hata nikiwa na shahada kumi?"

Nikasikia kiti kikilia.

"Unauliza vibaya wewe mutoto."

"Nimeuliza vibaya, nisamehe. Lakini ni ipi?"

"Kwenda Rusumo," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Mutu wangu lazima aende Rusumo kupokea muzigo. Na vizuizi iko kila mahali. Wakisoma kitambulisho chako watakushusha. Muzigo utabaki pale, dereva atapigwa, na mimi nitaitwa nieleze kwa nini nimekutuma. Mujomba wako amesema nikipata tabu nimuendee yeye. Tabu ya namna hiyo nimuendee nani? Yeye atafanya nini? Ningemuambia hivyo mwarimu, mbele ya watu?"

"Na kazi zingine?"

"Zingine zote iko za ndani."

"Basi nipe za ndani. Na kazi ya Rusumo, tukubaliane wote wawili kwamba hujanipa. Hapo hujamdanganya mjomba, wala mimi sijakuingiza matatani."

Kisha mwenye malori akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyepatikana. "Huyu mutoto! Mwarimu amekulisha nini?" Nikasikia kizibo cha chupa kikifunguliwa na chai ikimiminwa. Pale juu ya tairi nilisema alhamdulillahi, na wakati huo huo moyo wangu ulikuwa mzito. Sikujua kama nimesikia mlango ukifunguliwa au nimesikia umefungwa kwa upole.

Mpwa wangu alimweleza profesa swali lake, na profesa akaona kwamba hilo ndilo walilopaswa kuuliza tangu mwanzo. Tukashuka tena Gikondo. Hatukuuliza mnahitaji nini, tuliuliza mhitimu wetu mngemnyima kazi gani, na kwa sababu gani. Swali la namna hiyo mtu hawezi kulijibu kwa soda. Majibu yalikuja mazito. Mmoja hawezi kumpa mtu wa mkoa fulani ufunguo wa ghala, kwa kuwa wateja watasema. Mwingine hawezi kumtuma benki mtu asiye na kadi ya chama, wala mwenye kadi ya chama kingine. Mwingine alisema anahitaji sana mtu wa hesabu, anaye hata, lakini anamficha nyuma asionekane.

Tulipoyasoma hayo Remera, yule mwalimu wa ratiba akaweka kalamu mezani.

"Hili tutalifundisha katika somo gani?"

Filimbi ilisikika uwanjani. Profesa alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Tulitaka masomo yafuate mahitaji ya wenye kazi. Sasa wenye kazi wametuambia mahitaji yao, na tukiyafuata tutakuwa tumefanya nini? Tukiyakataa, vijana watarudi nyumbani kukaa. Wote walikuwa watu wema, mle ukumbini, na wote walinitazama tena mimi, kwa kuwa nilikuwa na kofia. Niliwaambia sijui. Tukaomba, kila mtu kwa namna yake, tukaenda nyumbani.

Siku ya jopo mwenye malori alikuja. Alivaa kanzu ya Ijumaa na koti la suti juu yake, akaketi mbele ya meza, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi. Mpwa wangu alisimama kando, mimi nilikaa nyuma ukutani. Profesa alimuuliza kama amemkubali binti huyu. Akasema ndiyo, na safari hii hapakuwa na kinywaji chochote karibu. Kisha profesa akauliza lile lililokuwa limetoka kinywani mwa wenye kazi wenyewe:

"Na ukipata tabu naye, utamwendea nani?"

Nikaweka kofia sawa, nikajiandaa kusimama.

Mwenye malori hakugeuka nyuma. Alimtazama mpwa wangu. "Yeye mwenyewe," akasema. "Tumeshapatana. Ananiambia ukweli."

Niliketi nilivyokuwa nimeketi. Nafasi aliipata. Nilifurahi mpaka machozi, na nikajihisi pia kama mzee aliyenyang'anywa fimbo yake katikati ya njia. Njiani alinishika mkono, akasema, "Mjomba, nimeingia." Nikamwambia ndiyo, nimekuona.

Masomo yalianza. Alifanya kazi za ndani kama walivyopatana, akapanga mizigo ya mwenye malori vizuri hata mtu yule akaanza kulala usingizi. Baadaye mkataba wa amani ukatiwa sahihi, vizuizi vikapungua kwa muda, watu wakaanza kucheka barabarani. Makontena yalikuwa yamekwama bandarini Dar, na mwenye malori alihitaji mtu wa kukaa huko ayafuatilie. Alimuuliza mpwa wangu. Lile neno la Rusumo wakalifuta, wote wawili, mbele yangu, kwa chai. Mwenye malori mwenyewe alipanda naye katika lori mpaka mpakani, akapitisha kitambulisho chake pamoja na cha mpwa wangu dirishani, akamvusha daraja, kisha akarudi.

Aprili ilimkuta mpwa wangu Dar es Salaam, katika kazi ambayo mwanzo aliambiwa hawezi kupewa.

Yaliyotokea Kigali katika mauaji ya kimbari yanajulikana, na mimi sina nguvu ya kuyaandika. Profesa aliuawa. Katika wanafunzi waliosoma na mpwa wangu, wale waliobaki mjini kwa sababu waajiri wao hawakuwa na mahali pa kuwatuma, wachache walionekana tena. Mwenye malori sikumwona tena, na nimeuliza kaburi lake sijapata anayelijua. Nashukuru kwa aliyeokoka. Kila nikishukuru, swali linapanda: kwa nini yeye, na kwa kitu kidogo kama makontena? Nimesoma dini tangu utotoni na hili sikulikuta kitabuni. Nasubiri.

Mpwa wangu sasa ana watoto. Wakati mwingine huniuliza kama bado mimi ni mdhamini wake. Namwambia neno lile halina mwisho, nilisema akikosea niulizeni mimi, na sijalifuta. Ila wale niliowaambia niulizeni hawapo. Jioni, mtu akibisha mlango wangu Biryogo, bado huwa nafikiri kwanza kwamba ni mmoja wao amekuja kuuliza, na naamka kuweka chai.